Coaster ya kukodi pale Mwananyamala: maoni yangu baada ya kuzunguka nayo mikoani na bendi nzima

Wadau wenye bendi za dansi, vikundi vya taarab, kwaya, singeli, yeyote anaebeba watu na vyombo kutoka Dar kwenda mikoani, hii nawaandikia nyie, mana kutafuta gari la kukodi hapa mjini mnajua wenyewe, unapewa namba na mtu, unapiga, unatumiwa picha ya gari linang'aa, afu siku ya safari alfajiri linakuja gari jingine kabisa lina kioo kimepasuka na dereva hujawahi kumuona.

Gari ninaloliongelea halina kampuni wala bango. Ni Toyota Coaster ya mama mmoja wa Mwananyamala, siku nyingi inabeba watu wa harusi na misiba, inapaki kwenye yadi moja ya kuoshea magari, na dereva wake ni mmoja tu wa siku zote, baba wa makamo, sisi tulimwita Anko toka siku ya kwanza mpaka tunashuka. Bendi yetu inapiga kumbi za Kinondoni na Sinza, mimi ni muimbaji na pia ndo ninaeshika mambo ya safari, kwaiyo gari, gesti, chakula cha njiani, vyote vinapita kwangu. Safari ilikuwa hivi: wikiendi ya kwanza Morogoro na Iringa, katikati ya wiki hatuna shoo, wikiendi ya pili Mbeya, afu kurudi. Bei tuliyopewa ni laki tatu na nusu kwa siku, mafuta juu yetu, kula na kulala kwa dereva juu yetu. Hapo kwenye "kwa siku" kuna jambo, nitalifikia.

Sasa kabla ya mambo ya siti na kiyoyozi niseme kitu ambacho wenye magari wengi hawakifikirii kabisa. Mwanamuziki akiwa safarini jukwaani anakaa masaa manne, matano ikizidi sana, masaa mengine yote yako ndani ya gari, gesti, kwa mama ntilie, kwenye foleni ya kuoga, kwenye benchi mnasubiri ukumbi ufunguliwe. Hayo masaa ndo yanaijenga bendi au kuivunja. Watu wakifika wamenuniana kwa sababu ya ugomvi wa siti basi ule ugomvi unapanda nao jukwaani, mpiga gitaa la rhythm haangalii mpiga gitaa la solo, muimbaji akikosea kuingia hakuna wa kumuokoa, na mpenzi wa bendi aliyelipa kiingilio anaona kabisa leo kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Kwaiyo mimi nikikodi gari sikodi usafiri tu, nakodi sebule ya watu kumi na nane kwa siku zote hizo, na ndo kipimo nilichokitumia kwenye maoni haya.

Wazee wetu hii shida ya kutafuta gari hawakuwa nayo kwa kiasi hiki. Bendi kubwa zilikuwa za mashirika, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na ndo leo tunaiita Msondo Ngoma, Mlimani Park, ndo hao Sikinde, ilianza 1978 na baadae ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na Mzee wetu wa saksofoni ambaye amepita bendi nyingi anasema kwake yeye zamani hizo gari lilikuwa la shirika, dereva wa shirika, wewe unapanda tu na chombo chako. Saivi bendi nyingi zinajitegemea, kiingilio cha mlangoni ndo kinalipa gari, gesti, kijana wa mitambo na mgao wa wanamuziki, na kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana ni starehe ya watu wakiwa nje ya jukwaa. Naelewa kwanini inakuwa hivo lakini sikubaliani nayo.

Turudi kwenye gari. Coaster mnazijua, zina zile siti za katikati za kukunja, kwa safari ya Mbagala hazina shida, ila kwenda Mbeya ambako ni zaidi ya kilomita 800 ukimkalisha mtu hapo akishuka hawezi kunyooka. Anko alituambia kabla hata hatujatoa hela ya kwanza, "hizi za kukunja msizihesabu dada, hii ni njia ya watu kupita." Mwenye gari mwingine angekwambia jaza tu. Tukahesabu siti za kweli, tukatosha wote na mtu akiamka kwenda mbele anapita bila kumruka mwenzake, unaweza kuona ni kitu kidogo lakini ukiwa na wanenguaji waliocheza mpaka saa tisa usiku wamevimba miguu, kuweza kuunyoosha mguu kwenye njia ni kitu kikubwa sana.

Spika kubwa na jenereta zilitangulia na Canter, lakini magitaa, kinanda, saksofoni na tarumbeta hakuna mwanamuziki anaekubali kutenganishwa navyo. Anko alikuwa ameshakata godoro la zamani vipande vipande akavitandika nyuma ya siti ya mwisho, kinanda kikalala hapo, juu yake mashuka, magitaa yakasimama pembeni yamefungwa na kamba ya mpira kwenye siti, na mabegi ya nguo yote juu ya keria chini ya turubai. Kila tukisimama anapanda kuangalia kamba. Hatukumwambia afanye hivyo. Nilimuuliza alijuaje, akasema amewahi kubeba kwaya na siku hiyo kinanda cha kanisa kilivunjika vitufe kwenye matuta, basi hakutaka kuona tena watu wanalia kwa ajili ya chombo.

Redio ya gari. Hapa bendi nyingi zinagombana, vijana wanataka singeli kwa sauti ya mwisho, wazee wanataka zilipendwa, mwingine anataka kimya alale. Anko ana utaratibu wake na alituambia mapema kwa heshima: tukitoka kwenye shoo, redio haiwashwi mpaka asubuhi. Kwa sisi waimbaji hii ni dawa kabisa, mana redio ikiwa juu mnaongea kwa kupaza sauti, na ukitoka kuimba masaa manne afu ukaenda kupaza sauti kwenye gari masaa mengine matatu, kesho koo limekwisha. Mchana redio ni zamu, kila mtu nusu saa na flashi yake au simu yake. Kilichonifurahisha ni kwamba ile zamu iligeuka darasa. Mpiga dramu wetu ana miaka ishirini na kitu, amekulia bongo fleva, na zamu ya Mzee ilipofika akaweka Morogoro Jazz, ndo kwanza tunaingia Morogoro, basi Mzee akaanza kusimulia jinsi ule mji mmoja ulivyokuwa na bendi mbili kubwa, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na mashabiki walivyogawanyika. Kijana akawa anagonga mapigo kwenye paja lake kimya kimya. Usiku ule jukwaani aliweka pigo la namna ile katikati ya wimbo wetu wenyewe na Mzee akageuka kumwangalia huku anapuliza.

Na siti ya nyuma kabisa, ile ndefu. Hapo ndo shule yenyewe ilipokuwa. Mpiga solo wetu ni mtu asiependa kufundisha, mazoezini anakuja anapiga anaondoka, ukimuuliza anakwambia sikiliza tu. Tuna kijana wa rhythm ambaye ni mgeni kwenye bendi na alikuwa anamuogopa hata kumsalimia. Kutoka Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni walijikuta wamekaa pamoja huko nyuma, mpiga solo akatoa gitaa lake la umeme bila kuliunganisha na chochote, na kwenye gari linalotembea gitaa la hivyo halisikiki kabisa hata ukiwa siti ya jirani. Basi yule kijana akainama akaweka sikio kwenye mbao ya gitaa, macho amefumba, na mwenzie anapiga taratibu mstari mmoja anaurudia anaurudia, anasimama gari likipita kwenye tuta afu anaendelea. Wakabadilishana, kijana akapiga na mkubwa akainama kusikiliza. Hakuna aliyewasumbua, hata waliokuwa wanacheza karata siti za mbele yao walishusha sauti. Anko alikuwa anawaona kwenye kioo cha juu na matuta ya njiani aliyapita taratibu mpaka unasahau kama ni matuta.

Nikitaja Mikumi lazima niseme na hili, na wenzangu wa taarab wananielewa. Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab lilipata ajali maeneo ya Mikumi wakirudi kutoka shoo za mikoani, wasanii 13 wakapoteza maisha. Kumi na tatu, kundi zima karibu. Ukirudi nyuma zaidi, Salum Abdallah aliondoka kwa ajali ya gari 1965, Mbaraka Mwinshehe kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979. Kila mwanamuziki wa nchi hii anaesafiri anazijua hizi habari, na tukiingia kwenye ile hifadhi ambayo barabara inakatiza kama kilomita hamsini, tembo na twiga wako pembeni, wageni wanapiga picha, lakini sisi kwenye gari huwa panakuwa na utulivu fulani. Mama yetu mmoja muimbaji alianza dua kwa sauti ndogo na Wakristo kwa Waislamu wote tukaitikia amina. Anko alikuwa anatembea ile spidi inayotakiwa hifadhini, hakuzidisha, malori yanapiga honi nyuma yake yapite na yeye anayapisha.

Na hapa ndo nafika kwenye sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote.

Shoo ya Iringa iliisha saa nane na nusu usiku, tukafunga vyombo tukamaliza saa tisa. Mbeya mwenyeji wetu alikuwa ametuachia nyumba nzima Uyole, kwaiyo kiongozi wetu wa bendi akapiga hesabu kwamba tukiondoka usiku ule ule tunaokoa hela ya gesti ya watu wote, na kusema kweli hela yenyewe si ndogo. Mabasi tangu 2023 yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwaiyo hakuna wa kutuzuia. Akamfuata Anko, mimi nilikuwepo pembeni nimejifunga kanga mbili kwa baridi ya Iringa. Anko akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, afu akamwambia, "Mkuu, mimi nimeamka saa kumi na mbili asubuhi. Nyie mmesimama usiku kucha. Hapa hakuna mtu hata mmoja wa kukaa macho aniongeleshe. Tulale, saa nne tunaondoka, mchana mtafika mmepumzika." Kiongozi akasema sawa lakini gari tumelikodi sisi, Anko akasema ni kweli mkuu gari mmelikodi, na kama mnaona nakosea mpigieni mama mwenye gari sasa hivi atawapa dereva mwingine, ila mimi sitawasha. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mzee wa saksofoni ndo akaamua, akasema jamani mimi nimezika wenzangu wengi, tukalale.

Tukalala. Gesti ilikuwa ya kawaida tu, wawili wawili kitandani, lakini asubuhi watu waliamka wanacheka, chai ya maziwa na chapati hapo nje na mapande ya mihogo, mpiga besi anamuiga mshereheshaji wa jana alivyokosea jina la bendi, na ndo nikaelewa kwamba ile hela ya gesti haikupotea popote. Tungeondoka usiku ule tungekosa ile asubuhi, na ile asubuhi ndo ilifanya watu wakae vizuri wiki nzima kule Mbeya.

Siku za katikati ya wiki Uyole sitaziandika zote. Baridi ya kule mnaijua, kila mtu yuko karibu na jiko la mkaa, mpiga besi ndo mpishi, tukawa tunachanga asubuhi na Anko anatupeleka soko la Mwanjelwa kununua nyama na mchele, mafuta kidogo tu hayo lakini kuna madereva ukiwaambia nipeleke sokoni siku ya mapumziko anakwambia hiyo haipo kwenye makubaliano. Jioni bao, drafti, na mechi kwenye kibanda umiza ambako nusu ya bendi ni Yanga nusu Simba na dereva ndo refa. Wanenguaji walifua nguo zote za jukwaa wakazianika uani, za kwao na za kwetu, na mpiga tumba ambaye kwao hajawahi kushika pasi alionekana anapiga pasi mashati ya waimbaji huku anaimba sauti ya pili ya wimbo mpya. Ule wimbo ulimaliziwa pale uani, kwenye mazoezi Kinondoni ulikuwa umetugomea kabisa.

Katikati ya siku hizo mnenguaji wetu mmoja akapigiwa simu ya msiba Dar, bibi yake aliyemlea. Ilikuwa usiku. Sikumwona mtu akiitisha mchango, nilikuta tayari noti zipo kwenye kofia ya mpiga tarumbeta, wengine walikuwa hawajapata hata mgao wa Iringa lakini walitoa, na alfajiri Anko alikuwa ameshawasha gari anamsubiri kumpeleka stendi ya Nane Nane apande basi la kwanza. Watatu walimsindikiza. Na yeye Anko mwenyewe alitia elfu kumi kwenye ile kofia, hakumwambia mtu, aliyeniambia ni kijana wa mitambo. Shoo ya Mbeya alipungua mnenguaji mmoja mbele, na wenzake wakaacha nafasi yake wazi, hawakusogea kuziba.

Sasa mabaya yapo na nayasema bila kuficha.

Kiyoyozi kinafika siti ya tatu basi. Kuanzia Chalinze mpaka Morogoro mchana waliokaa nyuma waliungua, tukafungua vioo, vumbi likaingia kwenye nywele za watu ambao usiku wanapanda jukwaani. Anko alikiri kwamba gesi ya kiyoyozi inahitaji kuongezwa na amemwambia mwenye gari mara kadhaa. Sehemu za kuchaji simu ni mbili tu na moja imelegea, mnashika waya kwa mkono. Taa ya ndani upande wa kushoto haiwaki, kwaiyo usiku kuvaa au kutafuta kitu ni tochi ya simu, na kwa kinadada hili lina maana, mana kuna kumbi hazina chumba cha kubadilishia na gari ndo linakuwa chumba. Hapo lakini nimpe Anko haki yake, mapazia yote yanafunga vizuri, na tukibadilisha yeye mwenyewe anashuka anasimama mbele ya mlango mpaka tugonge kioo, hata wanaume wa bendi walikuwa hawamsogelei.

Tatizo kubwa ni mwenye gari na simu zake. Kumbe alikuwa amechukua kazi ya harusi siku moja baada ya siku tuliyopanga kurudi, akaanza kumpigia Anko toka tuko Mbeya, mmalize shoo mtembee usiku mfike mapema gari lioshwe. Anko akamjibu vile vile alivyomjibu kiongozi wetu Iringa. Nilimsikia kwa masikio yangu anamwambia "mama, hawa watu nimewapeleka wazima." Tuliondoka Mbeya mchana wa siku ya pili tumelala, tukalala tena Morogoro, tukaingia Dar wakati gari lilikuwa linatakiwa harusini. Sijui yule mama alipata gari wapi la kwenda huko lakini sisi tukaletewa deni, anadai siku nzima ya ziada pamoja na "hela ya kusubiri" kwa zile siku za katikati ambazo gari lilikuwa limepaki Uyole, wakati zile siku tulishazilipa kama kawaida. Tukavutana. Mwisho tukalipa ile siku ya ziada kwa nusu na ya kusubiri hatukulipa, lakini iliniuma kwamba yaliyopatikana njiani yanataka kuharibiwa mlangoni. Nyie mkienda andikeni kwenye karatasi kabisa: siku ya mapumziko inahesabiwaje, mwisho wa safari ni saa ngapi, na kwamba hakuna kutembea usiku baada ya shoo, ili hata dereva awe na kitu cha kumuonyesha bosi wake. Sisi tulikubaliana kwa mdomo tu.

Nisiache na la Ruaha Mbuyuni wakati wa kurudi. Tulisimama kununua vitunguu kama kila mtu anaepita pale, tukakuta Coaster nyingine imepaki, ya kikundi cha taarab cha hapa hapa Dar kinaelekea Makambako. Hapa mjini tunagombania mashabiki wale wale, wikiendi moja wakipiga karibu na ukumbi wetu mlango wetu unapungua. Pale chini ya mibuyu hakuna aliyekumbuka hayo. Adapta ya kinanda chao ilikuwa imekufa, kijana wetu akatoa yetu ya akiba akawapa, wakatuletea ndizi za kukaanga na samaki waliotoka nao Dar, tukatandika mikeka miwili tukala pamoja, mpiga tumba wetu akapata na deiwaka, kazi ya kuwapigia siku moja, ya mwezi huu. Mzee akasema hata enzi zao ilikuwa hivyo hivyo, Msondo na Sikinde mashabiki wanakaribia kupigana lakini wanamuziki wenyewe wametoka chungu kimoja, mana Mlimani Park ilivyoanza ilichukua watu kutoka huko huko kwa wenzao, kesho mmoja akifiwa wote wako kwenye turubai moja. Madereva nao walikuwa pembeni wanapeana habari za mlima Kitonga, kuna lori limekwama kona ya juu, pita upande huu, subiri hapa kwanza. Yule dereva wao alikuwa kijana na nilimuona anamsikiliza Anko kwa makini.

Kama shoo zenu ni Morogoro na Dodoma tu, kwa kweli siku hizi fikirieni na treni ya umeme, toka 2024 inafika Dodoma na watu hawachoki, spika na dramu ndo lazima zije kwa barabara. Ila kwa Iringa, Njombe, Mbeya na kuendelea, treni hiyo haipo na misafara mikubwa ya matamasha ya muziki kama Fiesta ina magari yake, sisi wa bendi ya kawaida ni Coaster. Na kwenye Coaster angalieni dereva kwanza kabla ya rangi ya gari, kaeni nae mnywe chai, mumuulize atafanya nini mkimwambia tuondoke saa tisa usiku.

Jumamosi za msimu wa harusi hampati hili gari, mwambieni mwenye gari mapema sana, na msikubali kupewa dereva mwingine, mkiambiwa Anko hayupo basi ahirisheni au tafuteni kwingine. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa kiyoyozi na kwa mambo ya mwenye gari, na akitengeneza kiyoyozi na akikubali kuandikiana, sisi tuna safari ya Tanga inakuja na nitarudi hapa kuiongeza.